Usafirishaji Bure

Tatizo la kiti ni miguu. Fundi alikuwa ametengeneza viti tangu ujana wake na hakuwahi kuliwaza jambo hilo, mpaka siku alipokiweka kiti kimoja juu ya kaunta ya wakala wa mizigo. Wakala, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, alitoa utepe wa kupimia na kuanza kukizungushia kiti kama mshonaji anayempima mtu suti.

"Mizani si ile pale?" Fundi aliuliza. "Kiti hiki chepesi. Nimekuja nacho kwa mkono mmoja."

"Mzee wangu, siku hizi hatupimi uzito peke yake. Tunapima na nafasi. Kilo zake za kuku, lakini ndani ya gari kitakaa kama bosi." Wakala alipitisha mkono chini ya kiti, katikati ya miguu. "Hapa pana nini?"

"Hapana kitu."

"Basi hicho hapana kitu ndicho unachokilipia."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Fundi naye alicheka kidogo ili asionekane mshamba. Binti yake, aliyesimama kando na simu mkononi, hakucheka. Alikuwa anaandika vipimo.

Binti huyo alikuwa mtoto wao pekee. Alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha sabuni mpaka kiwanda kilipofunga milango, akarudi kwa wazazi wake na mabegi yake, akalala katika chumba chake cha zamani ambacho baba yake alikuwa amekigeuza stoo ya mbao. Usiku alikuwa anapumua vumbi la msumeno na hakulalamika. Fundi alikuwa anamwita "mama" tangu alipozaliwa, kwa sababu alizaliwa na uso wa mama yake Fundi, mdomo umebanwa vilevile kama mtu anayeshika pini kwa meno.

Yeye ndiye aliyefungua duka la mtandaoni. Aliona baba yake anakaa kutwa mlangoni mwa karakana akisalimiana na wapita njia, kila mtu amebeba kiti cha plastiki kichwani. Akavipiga picha viti vya baba yake, vile vidogo vya watoto na vile vyenye mgongo wa fito, kwenye ukuta wa uani ambako jua la asubuhi lilikuwa zuri. Watu wakavisifia. Lakini siku ileile ya kufungua duka, mezani, wakila, aliwaambia wazazi wake jambo jingine.

"Nimepata nafasi ya kazi mbali. Nyumba ya kulea wazee. Wataniwekea mpaka mwisho wa mwezi ujao. Duka likisimama, siendi. Lisiposimama, nakwenda. Siwezi kukaa hapa nikawa mzigo."

"Wazee wa nani?" mama yake aliuliza.

"Wa watu."

"Kwani wenyewe hawana watoto?"

"Wanao. Wako kazini."

Fundi alisema, "Litasimama," akaendelea kula. Lakini mke wake alimwona ameacha kutafuna, tonge limekaa shavuni.

Basi duka lilitakiwa lisimame, na kilicholizuia ni gharama ya usafirishaji. Binti alikaa na baba yake kwenye benchi la karakana akamwonyesha kwenye simu. Muuzaji alitakiwa kuchagua: bei moja kwa wote, au bei kwa umbali, au kwa ukubwa wa boksi, au bure. Fundi alivaa miwani. Kusoma alijifunzia darasa la jioni akiwa tayari ana mvi, na tangu hapo hakuna maandishi aliyoyaruka. Aliusoma ukurasa wote wa maelezo, mwanzo mpaka mwisho, akiburuta rula juu ya kioo cha simu ili mstari usimpotee.

"Weka kwa umbali na ukubwa," alisema. "Ndiyo haki. Wa karibu asimlipie wa mbali."

Binti akaweka hivyo. Matokeo yake yakawa mabaya. Kila siku watu waliingia, wakachagua kiti, wakakitia kwenye kikapu, wakafika mahali pa kulipa, wakaona gharama ya kukisafirisha, wakapotea.

"Kikapu kinajaa, mlangoni hatoki mtu," binti alisema.

"Ni kama yule anayeingia karakana, anakalia kila kiti, anasifia, halafu anauliza choo kiko wapi."

"Baba, usafiri umekaribia bei ya kiti chenyewe. Nilijaribu kuuingiza kwenye bei, kiti kikawa ghali kama kitanda." Akasita. "Ipo njia. Viti vya kufungua. Miguu inatoka, mgongo unatoka, unalaza kila kitu kwenye boksi jembamba. Mteja anakiunga kwa skrubu nyumbani kwake. Hewa hailipiwi."

Fundi aliipokea habari hiyo kama aliyetukanwa. Viti vyake havikuwa na msumari wala skrubu. Kila mguu ulichongwa ulimi, ulimi ukaingia kwenye tundu lake kwa gundi na nyundo ya mbao, na ukishaingia haukutoka tena labda kwa shoka.

"Kiti kinachofunguliwa si kiti, mama. Ni kuni zilizopangwa."

"Basi nisaidie wazo jingine."

Siku kadhaa baadaye, asubuhi, Fundi alirudi kutoka mjini amechangamka, kofia imekaa upande.

"Andika bure," alisema kabla hajaketi.

"Bure nini?"

"Usafirishaji. Nimeongea na yule mama wakala. Kumbe baba yake niliwahi kumtengenezea kabati. Kwa heshima hiyo atatuchukulia viti kwa bei ndogo kabisa, ya mafuta tu. Tutailipa sisi, wala hutaisikia."

Binti alimtazama. "Yule aliyepima hewa?"

"Yule yule. Watu hawajulikani, mama. Mizigo niachie mimi, nitakuwa naipeleka mwenyewe. Yeye na mimi tunaelewana."

Hakukuwa na kabati wala heshima. Wakala alikuwa amemsikiliza vizuri, akampa na maji ya kunywa, akamwambia kwamba bei imeandikwa ukutani na yeye mwenyewe ameajiriwa. Fundi alitoka pale akatembea mpaka karakana ya mtu mmoja aliyeitwa Msumari. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna kitu alichoshindwa kukipigilia. Kwa miaka mingi Fundi alikuwa anapita mbele ya karakana hiyo bila kugeuza shingo. Siku hiyo aliingia, akaulizia kama Msumari angependa kununua jiriwa ya chuma ya kubania mbao ambayo yeye, Fundi, haitumii sana.

Binti aliandika bure, na siku ileile kiti kimoja kikauzwa. Kesho yake vikauzwa vingine. Neno lile dogo la kijani chini ya picha lilifanya kazi ambayo sifa zote za mbao na gundi hazikuifanya. Nyumba ikabadilika. Binti alikuwa anafunga maboksi sebuleni, selotepu imemnasa nywele, anaimba kwa sauti mbaya aliyorithi kwa baba yake. Akasema akipata nafasi atapaka rangi chumba chake. Mtu asemaye hivyo hana mpango wa kuondoka, na Fundi alilisikia neno hilo akatoka uani peke yake kwenda kutabasamu.

Kila kifurushi alikipeleka mwenyewe, kimefungwa nyuma ya baiskeli. Na kila baada ya vifurushi vichache, alipita kwanza kwa Msumari.

Zana zake zilikaa kwenye sanduku alilolitengeneza mwenyewe mwisho wa uanagenzi wake. Hakuna aliyelifungua isipokuwa yeye. Hata mke wake akilifagilia pembeni alikuwa anazungusha ufagio. Kwa hiyo hakuna aliyeona jinsi lilivyokuwa linakwisha kutoka chini: jiriwa, kisha keekee ya kutobolea, kisha patasi nyembamba, kisha randa ndogo. Mwisho ikaenda randa ndefu, ile ya mti mweusi ambayo kiganja chake kilikuwa kimeichimbia shimo la kidole gumba. Msumari aliigeuza mkononi akasema, "Fundi, una uhakika?" Fundi akamjibu kwamba ana nyingine bora. Hakuwa nayo.

Mke wake alijua kwa masikio. Alikuwa amelala jirani na karakana ile maisha yake yote ya ndoa na aliijua sauti ya kila chombo.

"Siku hizi sikusikii ukipiga randa," alimwambia.

"Natumia msasa."

"Msasa wa siku nzima? Unatengeneza kiti au unakisugua kama sufuria?"

"Mke wangu, kila mtu na jiko lake."

"Sawa. Ila mwone mwanao anavyocheka. Huyo akijua, mimi simo."

Fundi alikuwa amepiga hesabu moja tu: mwisho wa mwezi upite, wale wenye nyumba ya wazee wampe mtu mwingine ile nafasi, halafu mengine yatajulikana. Alikuwa ananunua siku kwa zana.

Lakini kiti hakidanganyiki. Ubao usiopigwa randa ndefu unabaki na mgongo, na mguu uliochongewa ulimi kwa patasi pana hauketi sawasawa. Fundi aliyaona hayo kwa vidole kabla hayajaonekana kwa macho. Akajaza gundi mahali ambapo zamani angeanza upya, akakifunga kiti, akakipeleka.

Malalamiko yalifika wakati wa chakula cha mchana. Mteja alituma picha. Kiti cha mtoto kimesimama kwenye sakafu ya vigae, na chini ya mguu mmoja kimewekwa kipande cha kadibodi kilichokunjwa. Mteja ameandika: *Kinayumba. Nataka kukirudisha.*

Binti alimpa baba yake simu. Fundi alivaa miwani, akaitazama ile kadibodi muda mrefu.

"Labda sakafu yake mbovu," alisema.

"Baba, ni vigae."

"Vigae navyo vinawekwa na watu."

Hapo ndipo mtu alipobisha hodi kwa sauti ya furaha, akaingia uani hata kabla hajajibiwa. Alikuwa Msumari, na kwapani amebeba randa ndefu ya mti mweusi.

"Shikamoo shemeji! Fundi, samahani, najua mnakula. Hii kitu yako inanigomea. Naisukuma, inarukaruka kama mbuzi. Zile nyingine ulizoniuzia hazina shida, keekee safi, patasi safi, lakini hii mama yao, nadhani inakutaka wewe tu. Njoo basi unifundishe kuinoa."

Msumari akatazama nyuso zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine, na furaha ikamtoka polepole.

"Nitakuja baadaye," alisema.

"Kaa, shemeji," mke wa Fundi alimwambia. "Mwenye kukwambia uondoke hayupo."

Lakini hakukaa. Binti aliinuka, akavuka uwanja akaingia karakana. Walimsikia anafungua sanduku. Kifuniko kiligonga ukuta. Aliporudi alisimama mlangoni, mdomo umebanwa.

"Wakala alikupunguzia nini, baba?"

Fundi alikuwa anakusanya makombo ya mezani kwa kidole. "Alinipa kiti nikae nikisubiri foleni."

"Na kabati la baba yake?"

"Simjui baba yake."

"Kwa hiyo kila kiti nilichokuwa nauza, nikakaa hapa naimba kama chizi..."

"Ulikuwa unaimba vizuri."

"Nilikuwa naimba vibaya! Kila kiti kilikuwa kinakula zana zako. Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda."

Alilisema bila kuinua macho, na ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kulisikia kwa sauti. Mama yake binti alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Basi tuweke vile viti vya skrubu," binti alisema baadaye, sauti imeshuka. "Bado siku zipo chache."

"Kwa zana zipi?"

Hata kuni zilizopangwa zinahitaji randa.

Binti alilifunga duka yeye mwenyewe. Aliwarudishia pesa waliokuwa wanasubiri, akamwomba radhi yule wa kadibodi. Kisha akapiga simu ile nyingine, uani, amegeukia ukuta aliokuwa akipigia picha viti. Walimjibu kwamba nafasi ipo na kwamba wazee wanasubiri.

"Nikianza kulipwa nitazikomboa kwa Msumari," alimwambia baba yake akikunja nguo.

"Usinikomboe. Jikomboe wewe kwanza."

"Bado una kiburi?"

"Ndicho pekee ambacho Msumari hakukitaka."

Binti alicheka kidogo, na alipocheka machozi yakapata njia.

Kwenye stendi ya mabasi, mpakiaji aliinua begi lake kubwa akaliweka kwenye mizani, akalitazama na unene wake, akataja bei. Binti alifungua pochi. Fundi alimshika mkono.

"Acha. Mama yako amenipa. Hii ni bure."

Akamlipa mpakiaji, akasimama pale na mikono nyuma mpaka basi likapinda kona. Mke wake alisema twende. Yeye alisema subiri, kama vile basi huwa linarudi.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na nafasi kubwa. Mbao hazikurudishwa kwenye kile chumba ingawa zilikuwa zinalowa uani. Binti alipiga simu mara kwa mara. Alisema kazi nzuri, wazee wapole, chumba chake kina dirisha. Mama yake ndiye aliyemdodosa mpaka akatoa moja la kweli: chumba kina kitanda na ndoo, na akirudi kazini, miguu imevimba, anakaa sakafuni kwa sababu akikaa kitandani anasinzia kabla hajala.

Kesho yake Fundi alibeba ubao mzuri kuliko mbao zote zilizosalia, akaenda kwa Msumari. Hakuomba. Alisema tu, "Nataka kuitumia ile ndefu kidogo." Msumari alilisafisha benchi lake kwa mkono, akatoka nje akakaa huko mpaka sauti ya randa iliponyamaza. Hakutaja malipo.

Mke wake alimkuta karakana anatoboa miguu kwa keekee aliyoiazima kwa Msumari.

"Hizo si skrubu?"

"Ndizo."

"Unachonga kuni, mume wangu?"

"Nazipanga," alisema. Wala hawakucheka.

Zilikuwa skrubu za kichwa chenye tundu la pembe sita, ambazo muuza vyuma alimwambia hazilegei. Haziingii bisibisi wala kisu. Zina kispana chake kidogo kilichopinda. Fundi alikiunga kiti, akakikalia, akakitikisa juu ya sakafu. Kilisimama kama vile vya zamani. Akakifungua, akavilaza vipande kwenye boksi jembamba, kila kimoja kimezungushiwa gazeti, na skrubu kwenye mfuko.

Wakala aliligeuza boksi huku na huku akakunja utepe wake. "Leo hewa umeiacha nyumbani, mzee wangu."

"Nyumbani ipo ya kutosha," Fundi alisema, akalipa kilichoandikwa ukutani.

Siku boksi lilipotakiwa kufika, alivaa aproni yake ya kazi ingawa hakuwa na kazi. Alipotia mkono mfukoni kutafuta kalamu, vidole vyake vilishika chuma. Alikitoa. Kilikuwa kispana. Hakuwa amewahi kutengeneza kiti kinachohitaji ufunguo, na mikono yake, ikishamaliza kukaza, ilikirudisha mfukoni kama inavyorudisha kila chombo.

Alikuwa bado amekishika kispana, simu ilipolia jioni. Mke wake akaweka sauti ya nje.

"Baba! Kimefika!" Nyuma yake kulikuwa na mwangwi, mwangwi wa chumba kisicho na vitu. "Kizuri sana, baba. Nimeshakiunga. Nimekikalia hapa naongea na nyie."

Fundi alikitazama kile kichuma kiganjani.

"Kimekaza?"

"Kimekaza kabisa."

"Hakiyumbi?"

"Hata kidogo. Kama umekiunga wewe."

Mke wake, aliyekuwa amekiona kispana, alifungua mdomo. Fundi alimtikisia kichwa. Akakifunga kiganja chake, akaisogelea simu ili asikike vizuri.

"Basi kaa, mama," alisema. "Kaa upumzishe miguu."